Funguo za Orodha ya Mishahara

Katika biro nyingi za Bukavu sanduku la pesa lina funguo mbili, na zinashikwa na watu wawili. Faili inayosema pesa hizo zimwendee nani, na kwa kiasi gani, haina hata ufunguo mmoja. Imo katika kompyuta ya sekretere, na kila mwenye barua ya kuchapa anaipitia akitafuta ya kwake.

Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Natengeneza majedwali ya kukokotoa mishahara ya shule za binafsi, vituo vya afya, vyama vya ushirika na mashirika madogo, kuanzia Ibanda na Kadutu hadi Bagira. Nilisomea komersi, nikakaa miaka katika uhasibu wa watu, sasa najitegemea. Wateja wananiita Mama Excel. Jina lenyewe silipendi, ila linaleta kazi.

Mashirika makubwa yana programu za mishahara za kununua, zenye leseni na fundi wa kupigiwa simu Kinshasa au Nairobi. Sisi wengine tuna Excel, nayo inatosha kabisa ikipangwa vizuri. Mteja mpya akinionyesha faili yake, mara nyingi nakuta fomula zimefichwa ili wafanyakazi wasijue hesabu inavyofanywa, lakini hakuna kilichofungwa. Mimi nataka kinyume chake. Kanuni ionwe na kila anayelipwa kwayo, na mikono ya kuibadilisha iwe miwili tu. Mwalimu anayeona jinsi kodi yake ilivyotoka hana haja ya kunong'ona kwenye korido kwamba mhasibu amekula.

Kwanza natenganisha kurasa tatu. Wa kwanza ni wa viwango: asilimia za makato, ngazi za kodi, bei ya dola. Wa pili ni wa kuingiza: majina, namba za wafanyakazi, siku walizofanya kazi, watu wanaowalea. Wa tatu unakokotoa, na hakuna anayeandika chochote humo. Ukikuta tarakimu imepigwa kwa mkono ndani ya ukurasa wa hesabu, ujue kuna mtu alikosa subira.

Waliokuwa kazini wakati mfuko wa hifadhi ya jamii, INSS, ulipogeuka CNSS wanaelewa kwa nini nasisitiza ukurasa wa viwango. Sheria ya Julai 2016 ilileta mfuko mpya. Mchango wa mfanyakazi ukapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 5, wa mwajiri ukafika 13. Aliyekuwa na kiwango katika seli moja alibadilisha seli moja, akaenda kula. Waliokuwa wameandika asilimia ile ndani ya kila fomula, ya kila mfanyakazi, walibadilisha nyingine wakasahau nyingine, na katika orodha moja watu wawili wa cheo kimoja wakawa wanakatwa tofauti. Hakuna aliyeiba. Lakini nenda ukawaeleze hivyo waliokatwa zaidi.

Kodi ya mshahara, IPR, ndiyo inayowachanganya wengi. Kwa ngazi tulizozizoea miaka hii, faranga 162,000 za kwanza za mwezi zinakatwa asilimia 3, kinachofuata hadi 1,800,000 kinakatwa 15, halafu 30, na juu kabisa 40. Chukua mfanyakazi wa faranga 900,000. CNSS inachukua 45,000, zinabaki 855,000. Katika hizo, 162,000 zinatoa kodi ya 4,860, na 693,000 zilizobaki zinatoa 103,950; jumla 108,810. Ana mke na watoto wanne, na kila anayelelewa anaipunguza kodi hiyo kwa asilimia 2, mwisho watu tisa. Watano ni asilimia 10, yaani 10,881. Kodi inakuwa 97,929, naye anapokea mkononi 757,071.

Kosa ninalokutana nalo sana ni fomula inayokata 15 kwenye 855,000 zote, kana kwamba ngazi ya kwanza haipo. Kabla hata ya punguzo la familia, mtu huyo ameongezewa kodi ya faranga 19,440 kwa mwezi, na pengine hatajua maisha yake yote, kwa kuwa fomula ilifichwa.

Kwa hiyo juu ya kila orodha naweka mfanyakazi wa majaribio, asiye na jina wala simu, mwenye hizo 900,000 na watu wake watano. Seli yake ikionyesha kitu kingine badala ya 757,071, ukurasa unakuwa mwekundu na hakuna kulipa mpaka tujue sababu. Sheria ikigusa ngazi, mimi na mhasibu tunamkokotolea upya kwa kalamu, kila mtu kwenye karatasi yake, ndipo tunabadilisha viwango. Namweka nje ya jumla, maana katika nchi hii hata mfanyakazi wa majaribio anaweza kuanza kupokea mshahara.

Sifanyi mzaha. Mwaka 2023 wakaguzi wa fedha za serikali ya Kongo, Inspection Générale des Finances, walitangaza matokeo ya ukaguzi wa mishahara ya serikali: watu 145,604 walikuwa wanalipwa kwa namba za utumishi zisizo sahihi au za kubuni, na 53,328 walikuwa wanachangia namba moja na wengine. Hilo la pili kompyuta inalizuia bila jasho. Fomula ya NB.SI inahesabu namba imeonekana mara ngapi. Ikizidi mara moja, seli inakataa kuipokea. Ni kazi ya mstari mmoja, ukiwa na nia ya kuuandika.

Siku hizi namba ya simu nayo imekuwa nyeti. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, wateja wangu wengi wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Zamani aliyetaka kula mshahara wa mwenzake alihitaji kughushi sahihi na kupata rafiki ndani ya benki. Leo inamtosha kuandika namba nyingine. Safu ya simu, basi, naifunga sawa na viwango. Aliyebadilisha laini anakuja mwenyewe na kitambulisho, anaandika na kusaini, mhasibu anaomba, mkurugenzi anafungua. Tunatuma kwanza faranga chache, na jina linalotokea kwenye simu tunalilinganisha na lililo katika orodha. Laini iliyoandikishwa kwa jina la shemeji inaleta mjadala mrefu, na Bukavu mashemeji ni wengi.

Seli ninayoiogopa kuliko zote ni bei ya dola. Mikataba mingi hapa imeandikwa kwa dola, kodi inatangazwa kwa faranga, na siku hiyohiyo kuna kiwango cha Banque Centrale na kingine cha wabadilishaji wa barabarani. Katika orodha ya dola 12,000, ukisogeza bei kwa faranga 50 tu umesogeza faranga 600,000. Hakuna jina lililoguswa, hakuna mshahara wa dola uliopungua. Pembeni mwa seli hiyo naweka nyingine tatu: tarehe, mahali kiwango kilipotoka, na jina la aliyekiandika. Zikiwa tupu, hesabu haitokei.

Mkurugenzi mmoja aliniambia, "Mama, hii ni kunionyesha kwamba siaminiki."

"Hapana, papa," nikamjibu. "Wafadhili watakuja mwakani kuuliza mlitumia kiwango gani mwezi wa tatu. Wewe utakuwa unakumbuka?"

Akakubali, shingo upande.

Mambo ya nukta na mkato ni madogo, na yanakula siku nzima. Excel ya Kifaransa inataka mkato mbele ya desimali. Aliyejifunzia kazi Kampala au Nairobi anapiga nukta. Tarakimu yake inageuka kuwa maandishi, au hata tarehe, na SOMME, fomula ya kujumlisha, inayaruka maandishi bila kusema neno. Jumla inatoka safi, pungufu. Dalili ni kwamba tarakimu halisi inajipanga upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto, lakini usitegemee macho ya mtu aliyechoka tarehe 30. Wekea seli sharti: ipokee tarakimu tu, na kama ni siku za kazi, isizidi 31. Tena kuficha desimali si kuziondoa. Pasipo ARRONDI, fomula inayoziondoa kweli, mistari unayoiona haitajumlika sawa na jumla iliyo chini yake, na kwa faranga mbili tatu utashinda unajieleza.

Hata wakubwa wanaumbuka kwa makosa ya kimyakimya ya namna hii. Mwaka 2020 Uingereza iliacha nje ya taarifa zake kesi 15,841 za Covid kwa siku kadhaa, kwa sababu faili za aina ya zamani, xls, zinaishia mstari wa 65,536 na ziada ilikatika. Orodha zetu za watu arobaini hazifiki huko. Ila faili za xls bado zimejaa mjini, na mimi kila ninayoikuta naigeuza.

Sasa kufunga kwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, na watu wanakosea mahali palepale. Katika Excel kila seli huzaliwa imefungwa, lakini kufuli halishiki mpaka ukurasa wenyewe ulindwe. Basi unaanza kwa kuchagua seli za kuingiza, unafungua Format de cellule, unakwenda Protection, unaondoa alama ya Verrouillée. Ndipo unakwenda Révision, halafu Protéger la feuille, unaweka neno la siri. Anayeanzia mwisho anajifungia nje: seli zote zinamkataa, anaudhika, anaondoa ulinzi wote na harudii tena.

Usidanganyike, hata hivyo. Neno la siri la ukurasa linazuia mkono uliokosea, aliyekusudia halimzuii. Faili ya xlsx ni kifurushi cha maandishi yaliyobanwa, na kijana anayejua anakifungua, anafuta kipande kimoja, ulinzi umekwisha. Neno la siri la kufungulia faili lina nguvu nyingine, kwa kuwa linasimba kila kilichomo, na ukilisahau hakuna fundi wa Nyawera atakayekuokoa. Ndiyo maana tunaliandika kwenye karatasi, tunalitia katika bahasha, tunasaini juu ya gundi, na bahasha inakaa ndani ya lile sanduku lenye funguo mbili.

Na neno la siri linalojulikana na watu watatu si siri tena. Kenya mwaka 2015, katika sakata la Huduma ya Taifa ya Vijana (NYS) la shilingi milioni 791, malipo yalipita ndani ya IFMIS, mfumo wa serikali wenye kila kufuli unaloweza kulitaja. Ofisa mmoja mkubwa akaeleza kwamba neno lake la siri lilitumiwa na wengine. Huku kwetu hali ni ya kawaida mno: mhasibu anakwenda matanga Walungu, anampigia sekretere simu, anamtajia herufi moja moja, biro nzima inasikia.

Mfano ninaoupenda uko katika afya. Mfumo wa takwimu za afya wa Kongo unatumia DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na kanda 34 za afya za Kivu Kusini zinaingiza takwimu zao humo. Karani wa kanda anaandika idadi ya watoto waliochanjwa. Asilimia inakokotolewa na mfumo, na yeye hana haki ya kugusa kanuni yake. Kila mtu ana jina lake la kuingilia, na haki zinafuata kazi anayoifanya. Kwetu hilo ndilo gumu kumeza, kwa sababu papa prefe, mkuu wa shule, anataka haki zote kwa kuwa ni prefe. Namwambia kwamba anayeidhinisha asiingize, na anayeingiza asiidhinishe. Shule ikiwa na watu wawili tu bironi, namtafuta wa tatu katika kamati ya wazazi, mtu wa kuja mara moja kwa mwezi kutazama bei ya dola, jumla, na majina mapya. Hahitaji kujua Excel. Anahitaji kuwajua walimu kwa sura.

Mengine ni ya usafi. Faili ya kila mwezi iitwe kwa mwaka na mwezi, si "paie finale", "paie finale 2" na "paie vraie finale", ambazo nimezikuta zote katika fleshi moja yenye virusi. Nakala ya mwezi uliokwisha igeuzwe PDF, isainiwe, isiguswe tena. Na Excel iambiwe ihifadhi kila dakika tano, kwani mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni petu lakini umeme unakatika upendavyo.

Mimi mwenyewe siondoki na neno la siri la mtu. Nikimaliza, mhasibu na mkurugenzi wanaweka yao, nami nimetoka nje kununua maji. Wateja wengine wanaona nimewatupa; wangependa nibaki na funguo ili wanipigie kila kitu kikikwama. Wanipigie sheria ikibadilika, au mhasibu akihama. Siku ya kuhama kwake tunabadilisha maneno ya siri kabla ya soda za kuagana kufunguliwa, na kwa kazi hiyo natoza nusu ya bei.