Manda za Kuviringisha

Mama mwenzangu, Meksiko huviringisha nyama katika chapati nyembamba za mahindi, wakazikaanga. Hapa Mwananyamala manda za sambusa zatosha.

Chemsha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, ile ngumu ya bei nafuu, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi. Moto uwe mdogo, saa mbili au zaidi, hadi ichambuke kwa vidole. Sasa kausha supu yote. Hapa usiwe na haraka: nyama yenye maji hurusha mafuta, nasi wauguzi tunawajua watoto wanaosimama karibu na karai. Akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi dakika 20. Dawa ya meno usimpake.

Viringisha, gandisha kwa uji wa ngano, kaanga. Ndimu na pilipili pembeni.