Upasuaji ulifanikiwa, mbona mtoto bado anajichafua?

Mtoto akizaliwa bila njia ya haja kubwa, siku za mwanzo familia nzima inawaza kitu kimoja tu: apone. Madaktari humtengenezea njia ya muda tumboni. Miezi kadhaa baadaye humfungulia njia mahali pake, kisha ile ya tumboni inafungwa. Hapo mzazi anapumua, anajua yameisha. Kumbe kazi nyingine ndo inaanza.

Tatizo hili humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Upasuaji unaotumika sana leo ulianzishwa na Dk Alberto Peña nchini Mexico mwaka 1980. Unamwezesha daktari kuiona misuli inayobana haja na kupitisha utumbo katikati yake. Ila hawezi kumwongezea mtoto misuli wala neva ambazo hakuzaliwa nazo. Ambaye utumbo wake uliishia karibu na ngozi, mara nyingi hujizuia vizuri akikua. Ambaye uliishia juu, jirani na kibofu, mara nyingi haja humtoka bila kujua.

Hapa ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa: mtoto anayechafua nguo kila saa anaweza kuwa amefunga choo. Kinyesi kigumu kimejaa ndani, kile chepesi kinapenya pembeni. Ukidhani anaharisha ukampa dawa ya kuzuia, unazidi kumziba. Mpeleke kwanza akapimwe.

Madhara makubwa huonekana shuleni. Wenzake wanaziba pua, yeye anahamia dawati la nyuma. Wapo wanaogoma kunywa chai asubuhi ili wasiumbuke darasani. Ndiyo maana dodoso la PedsQL, linalotumika kupima ubora wa maisha ya watoto, linauliza kuhusu mwili, hisia, marafiki na shule. Kuanzia miaka 5 mtoto hujibu mwenyewe, na mzazi hujibu lake.

Kwa asiyeweza kujizuia kuna msaada ambao haupewi uzito unaostahili: kupigwa bomba kila siku, saa ileile. Maji ya chumvi yanaingizwa njia ya haja, mtoto anakaa chooni hadi utumbo uishe. Kipimo kikimkaa sawa, anaweza kushinda msafi hadi kesho yake. Kipimo hicho kinapangwa hospitali. Usikisie nyumbani, maana maji matupu au chumvi iliyozidi vinaweza kumdhuru vibaya. Kwa mwenye uwezo wa kujizuia ila anafunga choo, daktari humpa dawa ya kulainisha.

Ukiweza, anzeni kabla hajaingia darasa la awali. Halafu mwambie mwalimu mmoja unayemwamini, amruhusu kutoka bila kunyoosha mkono. Kwenye begi weka nguo ya kubadilisha, sabuni na chupa ya maji. Vyoo vya shule zetu tunavijua.