Fahamu: Methadoni na arosto ya heroini
Heroini, au unga kama inavyoitwa mitaani, hutokana na utomvu wa mpopi. Kwa miaka mingi shehena nyingi zilitoka Afghanistan na kufika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi. Teja akiikosa kwa saa kadhaa hushikwa na arosto: viungo humuuma, hutapika, huharisha, usingizi hauji. Hofu ya arosto, kuliko starehe yenyewe, ndiyo humrudisha kijiweni. Dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, huituliza arosto kwa takriban siku nzima. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, bila sindano, hivyo hatari ya VVU na homa ya ini hupungua. Kikwazo kikubwa, ajabu, ni nauli: anayeishi mbali na kliniki hukosa dozi.