Ustadhi wa Katanga na Wanafunzi Wake wa Magharibi

Huku mpakani Busia na Malaba, ambako malori ya kwenda Uganda husimama msururu na redio za vibandani hushindana tangu alfajiri, wazee huwalaumu vijana kwa kuuhusudu muziki wa Kampala na Kinshasa, wala hawakawii kuwakumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini omutibo, muziki ule wa gitaa wa Waluhya ambao wazee wenyewe wautamani, nao pia ulijifunza mengi kwa wageni.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, nchini Kongo, ambao leo ni Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda, na wimbo wake "Masanga" ukaenea katika sahani za santuri. Ajabu ya Mwenda ilikuwa vidole viwili: gumba likishika sauti nzito, na kidole cha shahada kikiifuma sauti nyembamba juu yake, hata asiyemwona akadhani wapigaji ni wawili. Tena mara nyingi aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho msikilizaji wa Busia hakuhitaji mkalimani ili akifahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi mwenyewe, akaimba matangazo ya dawa ya Aspro, na mwenziwe Edouard Masengo akayaimba ya Coca-Cola.

Miongoni mwa Waluhya walioipokea elimu hiyo alitangulia George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Yeye hakuridhika na kuiga. Gitaa lake alilitia mwendo wa ngoma za kwao, na chupa ya soda ikagongwa kwa chuma kushika mapigo, hata mwenye kuusikia wimbo wake "Sengula" hamtaji Mwenda, bali humtaja Mukabi.

Mambo hayo yalijiri London pia, takriban katika zama zile zile. Vijana wa Kiingereza walizisikiliza sahani za blues za Wamarekani weusi, na mmoja wao, Muddy Waters, alipozuru Uingereza mwaka 1958 na gitaa lake la umeme, wengi walistaajabu. Baadaye kundi la Rolling Stones walijipa jina kutokana na wimbo wake wa mwaka 1950. Nao hawakulificha deni hilo: mwaka 1965, walipoalikwa katika televisheni ya Marekani, walitaka Howlin' Wolf, ustadhi mwingine wa blues, naye apewe jukwaa.

Kisha mkopaji akageuka mkopeshaji. Wimbo "Helule Helule" wa Daudi Kabaka, Mluhya aliyevuma Nairobi kwa mtindo wa twist, uliimbwa upya na kundi la The Tremeloes wa Uingereza, na mwaka 1968 ukafika nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana nchini humo.

Kwa hiyo kuazima si aibu, ila kwa masharti mawili: mwazimaji aongeze chake, na amtaje aliyemfundisha. Kijana wa Busia apigaye kinanda kwa mtindo wa Kinshasa hajaitupa asili ya kwao kwa sababu hiyo tu. Lakini hawezi kuongeza asichokijua, na asiyewahi kufundishwa omutibo hana cha kuongeza. Basi wazee wenye magitaa, kabla ya kulaumu, na wawaite vijana wawafundishe.