Usione vyaelea: Mashine ya atomu tuliyoivusha mpaka kwa baiskeli

JE, mtu asiye na shahada wala maabara anaweza kujiundia nyumbani mashine ya kuharakisha chembe za atomu, ile inayosemekana kuwa ya mataifa tajiri pekee?

Swali hili niliulizwa na vijana wa karakana moja ya kukarabati redio na runinga nilipopita Nabuyoga, wilayani Tororo, Uganda. Walikuwa wamesikia habari za mtambo mkubwa wa CERN ulioko Ulaya, wakataka kujua iwapo nao wangeweza kujaribu. Jibu langu liliwashangaza. Niliwaambia kwamba mashine ya aina hiyo ilikuwa pale pale mezani mbele yao, imefunguliwa nyuma, na walikuwa wakiitafutia vipuri.

Nilimaanisha runinga ya zamani, ile nzito yenye kisogo. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaikumbuka vyema, kwani wengi waliivusha mpaka ikiwa imefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli za boda boda. Ndugu waliorejea kutoka ng'ambo nao walikuja nayo ikiwa imeviringwa kwa blanketi.

Ndani ya bomba lake la kioo hamna hewa. Kwenye shingo ya bomba kuna kijiwaya kinachopashwa moto hadi kitoe elektroni. Upande wa mbele huwekwa umeme mkali, takriban volti 25,000 kwa runinga ya rangi. Umeme huo huzivuta elektroni hadi zikafikia kasi ya kilomita 90,000 hivi kwa sekunde, nazo koili za shaba huzipinda kwa nguvu za sumaku ili zichore picha. Chanzo cha chembe, bomba lisilo na hewa, volti nyingi na sumaku: hata mtambo wa CERN umejengwa juu ya mambo hayo manne.

Tofauti ni kiasi. Mwaka 1931, Ernest Lawrence na mwanafunzi wake Stanley Livingston, wa Chuo Kikuu cha California, waliunda saiklotroni yenye upana wa sentimita 11 hivi, ndogo ya kutosha kushikwa mkononi. Walizizungusha chembe na kuzisukuma tena na tena kwa umeme usiofika volti 2,000, hadi zikapata nguvu sawa na za volti 80,000. Hiyo ni kama mara tatu tu ya nguvu za runinga ya rangi. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo pia waliofanya hivyo nyumbani. Mwanafizikia Mmarekani Michio Kaku amesimulia jinsi alivyounda betatroni katika gereji ya wazazi wake alipokuwa mwanafunzi wa sekondari miaka ya 1960. Alitumia waya wa shaba wa kilomita 35 hivi, na alipoiwasha, fyuzi za nyumba zikakatika. Kwa hivyo inawezekana.

Lakini kugonganisha chembe ni kibarua kingine. Mtambo wa CERN una mzunguko wa kilomita 27, karibu sawa na umbali wa moja kwa moja kutoka Busia hadi Tororo. Nao umekaa mpakani kama sisi, kati ya Uswisi na Ufaransa. Chembe zake huzunguka zaidi ya mara 11,000 kila sekunde, zikivuka mpaka bila pasipoti wala ushuru. Kila moja hubeba nguvu zinazozidi za elektroni ya runinga zaidi ya mara milioni 270.

Hata ukubwa si hoja pekee. Mtambo wa kwanza wa kugonganisha elektroni na chembe pinzani zake, AdA, uliojengwa Frascati, Italia, mwaka 1961, haukuzidi mita mbili kwa upana. Hata hivyo, ulihitaji mashine nyingine kubwa ya kuulisha chembe. Kulenga chembe ndogo kiasi hicho zikutane ana kwa ana hakuwezekani gerejini.

Mchezea zuri, baya humfika. Bomba la runinga huweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Aidha, elektroni zenye nguvu zikigonga kioo au chuma hutoa eksirei, ambayo haionekani wala haina harufu. Mwaka 1967 baadhi ya runinga za rangi nchini Marekani ziligunduliwa kutoa eksirei kupita kiasi, na mwaka uliofuata sheria ya kudhibiti mashine kama hizo ikapitishwa. Hapa kwetu, anayetaka kutumia mashine ya miale huhitaji idhini: Uganda kwa Sheria ya Nishati ya Atomu ya 2008, Kenya kwa Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mashine hizi si za wanasayansi pekee. Mashine ya kisasa ya kutibu saratani kwa miale huharakisha elektroni vivyo hivyo, kwa nguvu za mamilioni ya volti. Mwaka 2016 mashine pekee ya miale iliyokuwako Uganda, ya aina ya kobalti, iliharibika huko Mulago, na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kuvuka mpaka kutafuta tiba Nairobi. Hospitali zetu zitahitaji mikono ya kuzitunza mashine hizi, na mkono huo huanza kwa kijana mdadisi.

Kwa hivyo, ndugu mfanyabiashara, usiipasue runinga ya zamani ili utoe shaba. Kioo chake kina risasi, na bomba likivunjika vipande huruka kwa kishindo. Ukiwa na ile ndogo isiyo ya rangi, na bado inawaka, ipeleke shuleni. Mwalimu asiifungue, bali asogeze sumaku ya spika mbele ya kioo. Watoto wataona picha ikipinda, kisha ikirudi sumaku inapoondolewa. Hivyo ndivyo chembe zinavyoongozwa kule CERN.