Ndovu na Njia Zao Katika Bonde la Wami

Katika vijiji vya nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Nguru, tangu Turiani hata Dakawa, hasara iletwayo na ndovu humwumiza sana mkulima. Mtu hulima, hupalilia na kuamia ndege miezi mingi. Kisha kundi la ndovu hupita usiku mmoja, na kunapopambazuka shamba ni mabua matupu. Tena katika nchi yetu wako waliouawa kwa kutaka kuwafukuza peke yao gizani. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza kwa nini ndovu huja, na jambo gani laweza kufanywa.

Kwanza ifahamike ya kuwa ndovu hatembei ovyo. Ndovu mzima hula kadiri ya kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku, na hunywa maji lita 100 au zaidi. Mnyama wa namna hiyo hawezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Wakati wa masika madimbwi hujaa na majani huwa mabichi kila mahali, nayo makundi hutawanyika mbali. Kiangazi kikifika, tangu Juni hata Oktoba, madimbwi hukauka, nao huufuata mto.

Na mto mkubwa wa nchi hii ni Wami. Maji ya mbuga ya Mkata, iliyo katika Hifadhi ya Mikumi, huteremka kaskazini na kuingia Wami. Wami hupita Dakawa na pori la Wami-Mbiki, kisha huingia baharini penye Hifadhi ya Saadani. Basi bonde hilo ndilo njia ya wanyama. Kiongozi wa kundi ni jike mzee. Yeye ndiye ajuaye mahali pasipokauka maji, na wadogo hujifunza kwa kumfuata.

Hapo ndipo penye matata. Mahindi na mpunga wa masika huiva wakati ule ule majani ya porini yaanzapo kukauka. Shamba lililofunguliwa katika njia ya maji huliwa kwanza.

Wako wasemao, ndovu na wauawe waishe. Lakini mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na ndovu kama 109,000, na mwaka 2014 walibaki kama 43,000 tu, kwa ajili ya majangili wa pembe. Wazee wenye pembe kubwa ndio waliotafutwa zaidi, na kundi lililopotewa na mzee wake limepotewa na mwalimu wake. Tangu hapo wameanza kuongezeka, na twapaswa kujua kukaa nao.

Jambo la kwanza ni kuacha njia wazi. Zamani vijiji 24 vilitenga ardhi yao ikawa pori la Wami-Mbiki, ambalo baadaye Serikali ililifanya Pori la Akiba. Lakini pori lisilo na njia ya kuingia na kutoka ni kama zizi. Kwa sababu hiyo zilitungwa kanuni za mwaka 2018 za kulinda njia za wanyama, ziitwazo shoroba.

Jambo la pili ni kulinda kwa pamoja. Pilipili kali hutwangwa, huchanganywa na oili chafu, na kupakwa katika vitambaa na kamba za mkonge zinazozunguka mashamba. Harufu yake huwachukiza ndovu. Wengine hutundika mizinga ya nyuki juu ya waya: ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Ndovu huwaogopa nyuki, na mwenye shamba hupata asali.

Jambo la tatu: mtu asiwakaribie usiku, bali apeleke habari upesi kwa viongozi wa kijiji na askari wa wanyamapori. Aliyepata hasara aandikishe mapema ili aombe kifuta jasho. Lakini fedha hizo, kama jina lake lisemavyo, hufuta jasho tu. Hazirudishi mavuno yote.

Basi kabla ya kufyeka mashamba mapya, mkutano wa kijiji na uwaulize wazee: ndovu walikuwa wakipita wapi? Mahali watakapopaonyesha, pasilimwe.