Meza ya Modeli Huanzia Kwenye Kiwiko

Mtu anayeunda modeli za plastiki, ziwe za ndege, vifaru au meli, huanza na meza aliyoikuta nyumbani: ya kulia chakula, ya kusomea, au ile ya kompyuta ambayo kompyuta yake ilishakufa. Kazi ikimnogea, hamu ya kuiboresha meza humjia, na hapo wengi hukimbilia dukani. Kibano kipya, seti ya tupa, jiliwa dogo, rafu ya rangi. Ushauri wangu ni kwamba pesa hizo zitulie kwanza. Meza nyingi ninazoombwa nizitazame hazina upungufu wa vifaa. Ziko chini mno, zina kivuli pale pale vidole vinapofanya kazi, na zimesheheni vitu hadi nafasi iliyobaki haizidi upana wa sahani.

Kimo ndicho kinachotangulia yote. Meza ya kawaida ya ofisi ina sentimita 72 hadi 75, kimo kinachofaa kwa kuandika na kula, kazi ambazo jicho halihitaji kuzisogelea. Modeli ni jambo jingine. Ndege ya Spitfire ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili; katika skeli ya 1:72 inabaki na milimita 156 tu, na mtu mwenye urefu wa mita 1.8 anakuwa na milimita 25. Kiti cha rubani wake kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ili ukione vizuri unataka jicho liwe sentimita 20 au 30 kutoka kilipo, na kama meza haipandi, shingo ndiyo itakayoshuka. Baada ya saa moja mabega yameuma, mkono unatetemeka, na mwenyewe anadhani ni uzee.

Mafundi saa walilimaliza tatizo hili zamani. Meza yao huwa na kimo cha sentimita 90 hadi 100, huku fundi ameketi kwenye kiti cha kawaida. Kazi inakuwa usawa wa kifua, na mkono mzima umeegemea ubao kuanzia kiwiko hadi kifundo. Mkono ulioegemea hauna sababu ya kutetemeka, kwa kuwa bega limepumzishwa na vidole ndivyo vinavyofanya kazi peke yake. Huna haja ya kununua meza mpya kwa ajili hiyo. Chukua kipande cha plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 60 na kina 40, ukipigilie miguu ya ubao pande mbili, ukiweke juu ya meza uliyonayo. Seremala yeyote wa mtaani ataimaliza kazi hiyo asubuhi moja, na uwazi wa chini utakupa mahali pa kusukumia makopo ya rangi. Kabla ya kukata miguu, panga vitabu mezani, uweke mikono juu yake, ukiongeza na kupunguza mpaka mabega yashuke yenyewe na macho yaione kazi bila kuinama. Pima kimo cha vitabu hivyo. Ndicho cha miguu yako. Usinakili cha mwenzako, kwani urefu wa kiwiliwili hutofautiana sana baina ya watu wenye kimo kilekile.

Kutoka kwa masonara wa Ulaya tunaweza kuchukua jambo la pili. Meza yao imekatwa nusu duara mbele, fundi anaingiza tumbo humo, na chini ya mkato huo inaning'inia ngozi ya kudakia unga wa dhahabu. Kwetu kinachodondoka ni kipuli cha plastiki, na anayeifahamu kazi hii anaijua sauti yake: kibano kinabana kidogo zaidi ya inavyostahili, kipande kinachoropoka, kinagonga kitu mara moja, kisha kimya. Shona aproni ya pamba ya rangi nyepesi, na pindo lake la chini ulibane chini ya ukingo wa meza kwa vibanio viwili. Sasa pajani pana hori, na sehemu kubwa ya vinavyoruka vitaishia humo. Ondoa zulia au mkeka chini ya kiti. Kipande kikifika sakafuni licha ya yote hayo, zima taa, ulaze tochi sakafuni na umulike usawa wa sakafu: hata kitu cha nusu milimita kitatoa kivuli kirefu.

Mwanga nao unastahili pesa zaidi kuliko kifaa chochote kingine. Viwango vya Ulaya vya taa za kazini vinataka laksi 500 kwenye meza ya ofisi, lakini kwa fundi saa vinataka 1500. Balbu ya darini haiwezi kukufikisha huko, tena iko nyuma yako, na kichwa chako ndicho kinachotia kivuli kwenye kazi. Suluhisho si balbu kali zaidi, ni taa iliyo karibu zaidi. Mwanga wa balbu hupungua kwa mraba wa umbali, hivyo taa ndogo ukiisogeza kutoka mita moja hadi nusu mita, mwanga unaofika kwenye kazi unakuwa takribani mara nne. Weka mbili zenye shingo za kukunjika: iliyo kubwa upande wa pili wa mkono unaofanya kazi, ndogo upande wa mkono wenyewe ili kulainisha vivuli. Kwa waliovuka miaka 60 hili si anasa, maana mwanga unaofika nyuma ya jicho katika umri huo ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20.

Tazama pia kilichoandikwa kwenye boksi la balbu. Kuna nambari ya uhalisia wa rangi, inayoandikwa CRI au Ra, ambayo kilele chake ni 100. Balbu nyingi za LED za madukani zina 80 hivi. Tafuta ya 90 au zaidi, yenye joto la rangi la kelvini 5000 hadi 6500, lililo karibu na mwanga wa mchana. Ukipaka kijani cheusi na hudhurungi ya ndege ya kivita ya Uingereza chini ya balbu hafifu ya njano, rangi hizo mbili karibu ziungane. Na kiraka ulichofananisha usiku kikaonekana hakina kasoro, asubuhi dirishani kitajitokeza waziwazi, kwa sababu rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine.

Taa ile ndogo ina kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Ukishaunganisha nusu mbili za bodi ya ndege na kupiga msasa, ishushe taa mpaka mwanga upite sambamba na plastiki. Mshono uliodhani umeisha utajichora kama uzi mweusi. Pengo la milimita 0.2 katika skeli ya 1:72 ni sawa na milimita 14 kwenye ndege halisi, ufa ambao hakuna fundi wa kiwandani angeuachia. Bora uuone sasa kuliko baada ya rangi. Miwani ya kukuza husaidia pia, ila usichukue yenye nguvu kupita kiasi: kadiri inavyokuza ndivyo inavyokulazimisha kusogea, na mara hutakuwa tena na nafasi ya kupitisha kisu kati ya uso na kazi.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Mbele yako pawe na mkeka wa kukatia wa ukubwa wa A3, na karibu nao vile tu unavyovifikia bila kunyanyua kiwiko: koleo la kukatia, kisu, kibano, msasa na gundi. Vingine vyote viende kwenye droo. Chupa ya gundi nyepesi ya kuyeyushia plastiki ipewe kitalu cha ubao kilichotobolewa shimo la kipimo chake, maana ikipinduka juu ya bawa hakuna kurekebisha. Supaglu ina tabia yake. Harry Coover na wenzake waliikuta mwaka 1942 huko Marekani walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki, wakaiacha kwa sababu ilinata kila mahali. Hugandishwa na unyevu, kwa hiyo kwenye miji ya pwani kama Mombasa au Zanzibar chupa iliyofunguliwa haidumu. Ihifadhi kwenye mtungi wa kioo wenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Iweke mbali na vioo vya chumba cha rubani, kwani mvuke wake huviachia ukungu mweupe.

Hewa ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayodhuru. Mvuke wa vimumunyisho ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini, kwa hiyo feni ya darini haiuondoi, inautawanya tu chumbani. Kinachohitajika ni boksi la kupulizia rangi lenye feni ya kuvuta nyuma yake na bomba la kutokea dirishani. Hewa iingie mdomoni mwa boksi kwa kasi ya takribani mita 0.5 kwa sekunde. Mdomo wa sentimita 40 kwa 50 unadai feni ya mita za ujazo 360 kwa saa, na ongeza kiasi kwa sababu bomba na kichujio vitaizuia. Mota yake isiwe ya kutoa cheche. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Tumia yenye kichujio cha mkaa maalumu. Vumbi la rezini lidhibiti kwa kupiga msasa ndani ya maji.

Ukiwa na pesa za kimoja tu kati ya kompresa ya kupulizia rangi na feni, nunua feni. Rangi za akriliki za maji hupakika vizuri kwa brashi ya kawaida, zikizimuliwa kidogo na kuwekwa matabaka mawili au matatu membamba, kila moja likiachwa likauke kabisa kabla ya linalofuata.